Kufuli la Pete Tano

Mgeni alifika viatu vyake vikiwa mkononi. Wageni wa wilaya huja kwa Landrova, tena baada ya mwenyekiti kutangaziwa na kuamuru njia ifagiliwe. Huyu alipanda mlima kutoka Ndungu kwa miguu, peke yake, suruali imekunjwa hadi magotini, akasimama mbele ya duka la kijiji na kupiga hodi kana kwamba ni nyumba ya mtu.

"Karibu," alisema Raheli kutoka nyuma ya meza. Alikuwa akimpimia jirani yake Dorkas mafuta ya taa, na mwanawe mchanga amelala mgongoni. "Viatu vimekushinda, ndugu?"

"Havijanishinda. Nimeviokoa. Hivi vikiisha, vingine sina."

Dorkas alicheka hadi chupa ikatikisika. "Basi huyu si wa serikali."

"Ni wa serikali, mama. Naitwa Lugano. Nimetumwa na ofisi ya wilaya, Same, upande wa maduka ya vijiji." Akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa kitu kizito kilichofungwa kwa gazeti. Alipokifungua waliona kufuli, lakini halikuwa na tundu. Mahali pa tundu palikuwa na pete tano za shaba zilizopangwa kama vidole, na kila pete imechorwa herufi kuanzia A hadi Z.

"Sasa ufunguo unaingia wapi?" aliuliza Dorkas.

"Hauingii. Hili halina ufunguo. Linafunguliwa kwa neno."

Ndivyo alivyowaeleza, huku mwenyekiti wa kijiji, mzee Gideoni, akija mbio na koti lake la sherehe amelivaa kinyume. Katika vijiji vya tambarare, alisema Lugano, maduka mapya ya kijiji yalikuwa yakiibiwa bila kuvunjwa. Mtu huazima ufunguo kwa dakika chache, akaugandamiza kwenye sabuni, na fundi wa mjini akachonga mwingine. "Ufunguo huchongwa," alisema. "Neno halichongwi."

"Na neno hilo atalijua nani?" aliuliza Gideoni.

"Mwenye duka peke yake."

"Hata mwenyekiti?"

"Hata mwenyekiti, mzee wangu. Hata mumewe. Hata mimi. Akipatwa na jambo tutaleta msumeno." Akamgeukia Raheli. "Chagua neno la herufi tano. Ila usichague jina lako wala la mtoto. Na usichague UHURU. Kijiji kimoja walichagua UHURU, wezi wakaingia kwa uhuru kabisa. Wengine wakachagua UMOJA. Jioni ile ile kijiji kizima kilikuwa kinafungua, kwa umoja."

Alimwonyesha jinsi ya kupanga herufi na kubonyeza kipini cha nyuma, kisha akawageuza wote uso ukutani, mwenyekiti pia, kama watoto wanaocheza kujificha.

Raheli alisimama na kufuli mkononi. Aliwaza maneno mengi, na kila alilolipata alijiona akilisema ovyo siku moja, usingizini, au kwa homa, au kwa hasira. Alitaka neno ambalo mdomo wake usingeweza kulitoa hata kwa bahati mbaya. Na neno kama hilo alikuwa nalo moja tu duniani.

Tangu aolewe hakuwa amelitaja jina la baba mkwe wake. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na ndivyo wake wote wa mlima ule walivyoishi: mke hataji jina la baba wa mumewe, mbele yake wala nyuma yake. Kanisani lilipoitwa kwenye matoleo, aliinamisha kichwa. Alimpikia mzee huyo tangu mkewe alipofariki, akamfulia, akamsomea Biblia macho yake yalipofifia. Alimwita Baba, basi.

Akazungusha pete polepole. M, Z, A, V, A. Akabonyeza kipini, akazivuruga herufi, akasema, "Tayari, mnaweza kugeuka."

* * *

Mumewe, Melkizedeki, alikuwa amerudi mwaka uliopita kutoka shamba la mkonge, baada ya kazi kupungua. Alirudi na sanduku tupu na kikohozi. Sasa alilima tangawizi kwenye kipande cha baba yake, na nyumba ikaishi kwa posho ndogo ya duka. Jambo hilo halikusemwa nyumbani. Lilisemwa nje.

"Bwana Duka!" walimwita kwenye kilabu cha pombe ya miwa. "Bwana Duka, leo mama katupa ruhusa ya kunywa?" Na tangu kufuli lije, wakapata utani mpya. "Melki, neno lenyewe ni lipi? Haa! Mwanamume anafungiwa nje na mkewe hata kwa alfabeti!"

Jioni moja walikuwa uani wakipukuchua maharage kwa ajili ya makande. Melkizedeki alisema bila kuinua uso, "Hivi mtu akiniuliza, mimi niseme nini?"

"Mwambie hujui. Si kweli hujui?"

"Mume hajui neno la mkewe."

"Si neno langu, ni la kijiji." Raheli alimtupia harage kifuani, kwa mchezo, maana aliona ameumia na hakujua ampoze vipi. "Halafu Melki, hata ungenikamata na kunitikisa, mimi neno lile siwezi kulitamka. Mdomo haufunguki. Siwezi tu!"

Akacheka. Melkizedeki aliacha kupukuchua. Alitazama ng'ambo ya ua, ambako baba yake alikuwa ameketi mlangoni pake akiota jua la mwisho, kisha akachukua ganda jingine na kulivunja.

* * *

Jumamosi ilikuwa siku ya msaragambo, kazi ya pamoja. Kijiji chote kilikwenda kuzibua ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, maana tope lilikuwa limejaa hadi kwenye mlango wa mfereji. Melkizedeki alisema mgongo unamuuma, akabaki. Jumatatu Raheli alipofungua duka, kufuli lilikuwa zima, mlango mzima, bawaba nzima. Gunia la sukari, ambalo kijiji kilikuwa kimelisubiri tangu mavuno, ambalo lilikuwa ligawiwe kwa kaya kabla ya Kipaimara, halikuwepo.

Hakupiga kelele. Alifunga mlango, akarudi nyumbani, akamkuta mumewe akinoa panga.

"Melki. Umejuaje?"

Panga liliendelea kwenye jiwe kidogo, kisha likanyamaza.

"Ulisema huwezi kulitamka," alijibu. "Kuna neno gani jingine usiloweza kulitamka?"

Raheli alikaa chini palepale.

"Mara ya kwanza nilitaka kujua tu kama ndilo. Nilifungua, nikafunga. Nikasema moyoni, haya, sasa najua, nami ni mume. Nikaenda zangu." Akajaribu makali ya panga kwa kidole gumba. "Halafu wakanicheka tena."

"Sukari iko wapi?"

"Kuna watu wa magendo Ndungu. Walikuja na punda."

"Na fedha?"

"Nimempa mtu anayeuza baiskeli. Ningebeba mpunga, Raheli. Ningekuwa na kazi yangu. Nilienda jana kuichukua, nikaambiwa hakuna mtu kama huyo pale."

Raheli aliinama, lakini machozi hayakuja. Alimwona mbele yake mwanamume mzima aliyeibiwa alichoiba, na hakupata neno la kumtukana.

"Usinitaje," alisema Melkizedeki.

Raheli alinyanyuka, akaenda kumwarifu mwenyekiti kwamba sukari imepotea.

Alasiri wajumbe wa kamati walikuja kupekua. Walipindua vitanda, wakachungulia mitungi. Mjumbe mmoja, Hezroni, aliona kikombe cha chai iliyobaki asubuhi, akakiinua, akaonja mbele ya watu. Wote walimtazama mdomo.

"Haina sukari," alitangaza.

"Mjanja hawezi kuila nyumbani," alisema mwingine.

Dorkas alikuwa amesimama mlangoni. "Neno unalijua peke yako, Raheli," alisema, na sauti yake haikuwa ya ubaya, ilikuwa ya kusihi. "Sisi tufikirie nini?"

Mzee Mzava aliketi mlangoni pake wakati wote huo, fimbo katikati ya magoti, akisikia vyombo vyake na vya mwanawe vikiburuzwa.

* * *

Lugano aliitwa kutoka Same. Safari hii alikuja amevaa viatu. Mkutano ulifanyika mbele ya duka, wanaume kwenye magogo, wanawake kwenye nyasi, na Raheli akasimamishwa katikati na mtoto mgongoni kama mtu anayepigwa picha.

"Ulimwambia mtu yeyote neno hili?" aliuliza Lugano.

"Sikumwambia."

"Uliliandika mahali?"

"Hapana."

"Basi litaje sasa, mbele ya wananchi. Tutabadilisha, halina kazi tena. Tuone kama ni neno la kubahatisha."

Raheli alimkaza mtoto mgongoni.

"Taja, mama!" walipiga kelele.

"Siwezi," alisema.

"Anaficha!" alisema mwenyekiti Gideoni, ambaye tangu siku ile ya kugeuzwa ukutani hakuwa amepona. "Mnaona? Hata lisilo na kazi anaficha!"

Raheli aliliendea kufuli. Akazungusha pete moja baada ya nyingine, kufuli likaachia, akalichomoa na kumpa Lugano bila kumtazama. Kijana alilisogeza kwenye mwanga.

"Mzava," alisoma.

Wanawake waliziba midomo, na mtu upande wa magogo akapiga mluzi. "Mungu wangu! Amemfanya baba mkwe wake kufuli!" "Kila siku anamzungusha kwa vidole!" Kicheko kilipanda, cha aibu na cha ukatili pamoja, na Raheli alijifunika uso kwa upande wa kitenge.

Lugano hakucheka. Kwao Rungwe mkamwana akisikia kikohozi cha baba mkwe huacha njia na kuingia vichakani. Alielewa mara moja, na alipoelewa alijuta kulisoma kwa sauti.

"Dada Raheli," alisema taratibu, "kuna mtu aliyekusikia ukisema kwamba huwezi kulitamka?"

Raheli alitazama ardhi kwa nguvu, kama mtu anayezuia macho yasiponyoke kwenda mahali.

Mzee Mzava alisimama. Ilichukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Acheni kucheka," alisema. "Mwanamke huyu alipewa mali yenu aifiche. Akaificha mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kuitoa. Kama yupo hapa aliyewahi kuliheshimu jina langu kuliko hivyo, na asimame niketi."

Hakusimama mtu.

"Nyumba yangu ina watu wachache. Mimi sioni vizuri. Mtoto hajui kusema. Huyu halitamki." Fimbo yake iligeuka polepole. "Melkizedeki. Nilikupa jina langu ulipokwenda shule. Nilikupa ukaandikishwe kazini nalo. Nilidhani litakufungulia milango, mwanangu. Milango ya aina hii sikuijua."

Melkizedeki alikuwa ameketi nyuma kabisa. Angeweza kukataa, maana hakuna aliyekuwa na ushahidi. Lakini alipomwona baba yake amesimama akitetemeka, na mkewe amejifunika uso kwa kosa lisilo lake, alikuja mbele na kunyoosha mikono hata kabla mgambo hawajaambiwa.

"Nilitaka kujua tu," alisema, na watu walidhani amechanganyikiwa.

* * *

Walimfunga kamba mkononi kwa ajili ya kumteremsha Same. Shati lake lilikuwa lile la shambani, limechanika begani, na kola imekuwa nyeusi kwa jasho. Raheli alimfuata hadi kwenye mteremko wa kwanza. Mgambo walimwachia nafasi.

"Usije," alisema Melkizedeki. "Usinifuate mahali popote. Rudi dukani kwako."

"Kesi ni lini?"

"Wamesema Jumatatu."

Alimtazama kwanza uso, halafu shati. Alikuwa na hasira iliyomjaa hadi kooni, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine ambacho hakukitaka, nacho hakikuondoka.

"Nitakuletea shati safi," alisema. "Usisimame mbele ya hakimu na hilo."

"Raheli, acha."

"Nimesema nitaleta."

Aliporudi, kamati ilikuwa bado imeketi. Lugano alikuwa amemtetea, kwa maneno mazuri, kwamba mtumishi mwaminifu asitupwe. Mwenyekiti Gideoni alikohoa.

"Kamati imekubali," alisema. "Utaendelea na duka. Mzigo mpya wa sukari unakuja Jumatatu, Ndugu Lugano ataupandisha mwenyewe, na utaupokea na kutia sahihi mbele ya wanakijiji, ili watu warudishe imani. Ila na wewe, mama, utuonyeshe uko upande gani. Kule mahakamani usionekane. Watu watasema mke na mume ni kitu kimoja."

"Jumatatu sitakuwepo," alisema Raheli.

"Usipokuwepo tutamweka mwingine. Hezroni yuko tayari."

"Dada," alisema Lugano, akimfuata pembeni, "nimehangaika sana kuwashawishi. Hii posho ndiyo inayowalisha, wewe na mtoto na mzee. Shati ninaweza kulipeleka mimi nikiwa nateremka kesho. Nitamkabidhi polisi."

"Utamkabidhi polisi," alisema Raheli. "Polisi atampa?"

Lugano alikuwa kijana mkweli. Alifikiri kidogo. "Sijui," alisema.

"Na nilimwambia nitaleta. Sikumwambia nitatuma."

* * *

Lilikuwa shati jeupe la harusi yao. Sabuni ilikuwa imeadimika mlima mzima, na Raheli, aliyegawa sabuni kwa kaya zote, hakuwa na kipande. Alikuwa akilisugua kwa majani ya mpapai Dorkas alipokuja nyuma ya nyumba, akaweka kipande cha sabuni juu ya jiwe, chembamba kama ukucha, akaondoka bila kusalimia. Alilifua tena. Alilinyoosha kwa pasi ya mkaa, akalikunja ndani ya kitambaa.

Baba mkwe alikuwa macho alipompelekea uji alfajiri. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mkamwana. Unateremka?"

"Nateremka."

"Wamekuambia utapoteza nini?"

"Wameniambia."

Mzee alipapasa hewani hadi akaupata mkono wake, akaushika kwa mikono yote miwili. "Nenda polepole kwenye mawe," alisema. "Kuna umande."

Njiani kushuka aliwafikia vijana waliokwenda kumpokea Lugano na mzigo wa sukari. Walimpisha pembeni. Ndungu alipanda basi lililojaa madebe ya mpunga, akaliweka shati mapajani na kulikinga kwa mikono kwa vumbi lote la tambarare. Mtoto alilia njia nzima. Kondakta alimdai nauli ya mzigo kwa ajili ya kitambaa kile, kisha akatazama uso wake na kuacha.

Mahabusu walikuwa wameketishwa kwenye baraza ya mahakama, wamechuchumaa mstari mmoja. Melkizedeki alikuwa wa mwisho. Alimwona akivuka uwanja, akageuza uso ukutani.

"Wewe mama, unakwenda wapi?" askari alimzuia.

"Nimeleta shati."

"Shati?" Askari aliwaangalia wenzake. "Hapa ni mahakama au studio ya picha?"

Walicheka. Raheli alisubiri wamalize. Askari alilikung'uta shati, akapapasa kola na pindo, akakagua mifuko akitafuta chochote, na vidole vyake vikaacha alama ya vumbi karibu na kifungo cha pili.

"Haraka," alisema.

Melkizedeki alivua lile la shambani, likabaki limening'inia kwenye mkono wa pingu. Mbavu zake zilionekana. Kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na pingu iliyofungiwa kwa mwenzake, Raheli alimvalisha kama anavyovalishwa mtoto, mkono mmoja kwanza, halafu askari akafungua pingu, lile kuukuu likaanguka, halafu mkono wa pili. Alifunga vifungo kutoka chini kwenda juu. Alipofika kwenye kifungo cha pili alilamba kidole chake, akafuta lile vumbi mpaka likatoka.

"Leo sukari inafika kijijini," alisema Melkizedeki kwa sauti ndogo. "Nilisikia mgambo wakisema. Nani anapokea?"

"Hezroni."

Alifumba macho.

"Simama vizuri," alisema Raheli.

Karani aliita. Waliingia ndani mmoja mmoja, na mlango ukaachwa wazi kwa ajili ya joto, hivyo aliweza kuona kutoka barazani. Zamu ya Melkizedeki ilipofika, hakimu alikuwa akiandika. Hakuinua macho kumtazama mshtakiwa aliyekuwa mbele yake, wala shati lake. Raheli alimhamisha mtoto kutoka bega moja kwenda jingine, akabaki amesimama pale mlangoni, mahali ambapo Melkizedeki angemwona kama angegeuka.